Fundi Tarehe na Jiwe la Ng'ambo

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la rangi na kinyozi. Mlango haukuwahi kufungika vizuri, kwa sababu vumbi la mawe lilikuwa limejaa kwenye bawaba miaka nenda miaka rudi. Kinyozi alizoea kusema kwamba yeye hana haja ya saa ya ukutani: patasi ya jirani ikianza kugonga ni asubuhi, ikinyamaza ni wakati wa kula, ikinyamaza mara ya pili funga duka uende zako.

Aliyekuwa akigonga ni mtu mfupi, mwenye haya, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi tangu ujana, hata uzee ulipofika haukupata cha kubadilisha. Alichonga maandishi kwenye mawe. Mengi yalikuwa ya makaburini. Machache yalikuwa ya majengo, yale yanayowekwa ukutani siku ya ufunguzi, yakitaja nani alifungua na lini. Watu walimwita Fundi Tarehe, na jina hilo alilipata kwa aibu.

Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini. Watoto wa mzee mmoja fundi viatu walimjia mbio. Baba yao yuko hospitali, daktari kasema Ijumaa haipiti. Ndugu wanatoka mbali, jiwe liwe tayari siku hiyo hiyo ya mazishi. Wakampa jina, wakampa tarehe ya Ijumaa. Fundi akachonga, akasugua, akajaza rangi nyeusi kwenye herufi, akaliegemeza jiwe karibu na mlango likauke. Ijumaa ikapita. Jumamosi mgonjwa akaomba chai. Wiki ya pili yake fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni na bakora, anasoma jiwe kwa sauti.

"Hili ndilo langu?"

"Nisamehe, mzee wangu. Niliambiwa..."

"Herufi nzuri," mzee akasema. "Ila umenifupisha."

Mtaa mzima ulicheka mpaka mbavu zikauma. Mzee mwenyewe aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na kila alipopita alichungulia ndani: "Nimekuja kukuona tu, usije ukanichonga tena!" Fundi alicheka pamoja nao, lakini lile jambo lilimkaa rohoni kama kibanzi. Akajiwekea sharti. Tangu siku ile, jiwe lilitoka karakana likiwa na kila kitu isipokuwa tarehe. Pembe ya chini iliachwa wazi, upana wa kiganja. Kama ni kaburi, alisubiri mtu azikwe, jiwe lisimikwe, ndipo aje na ndoo ya maji na patasi ndogo, apige magoti, akate tarehe pale pale. Kama ni jengo, aliingia ndani, akafungua milango, akatazama paa, akagonga ukuta kwa kidole, kisha ndipo akapiga magoti.

Wateja wengine walikasirika. "Yaani nachukua jiwe lenye pengo?"

"Pengo nitalifuata," alikuwa akijibu, macho chini.

Baada ya miaka, sharti likageuka sifa. Watu wakibishana mtu fulani alikufa lini au shule fulani ilianza lini, mmoja alisema: tazama jiwe, kama ni la Fundi Tarehe, ubishi umekwisha.

Mkewe alikuwa na kaka mkubwa, karani wa ofisi ya maji. Huyu kaka alikuwa mtu wa watu. Alimlea dada yake baba yao alipofariki, akamsomesha, na siku ya harusi alilia kuliko mama yao. Ofisini alikuwa na meza ndogo karibu na dirisha, na foleni ya dirisha lake ilikuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu yeye alisikiliza. Mtaa wa chini ulikuwa hauna maji hata tone. Karani akaandika barua, akafukuzia mafaili, akagombana na wakubwa, akahamishwa meza mara tatu kama adhabu, mwisho bomba likafika. Ndipo watu wakambandika jina la Bomba, na uchaguzi ulipokuja wakamsukuma agombee ujumbe wa Baraza la Jimbo. Alishinda kabla ya jua kuzama.

Kazi yake ya kwanza barazani ilikuwa kisima cha mabomba manane sokoni. Jiwe la ufunguzi alilichonga shemeji yake. Fundi alipofika na vifaa vyake kukata tarehe, Bomba alivua koti, akakunja mikono ya shati, akashika ndoo mwenyewe.

"Shemeji, siku hii usiikosee," alisema. "Mama kaja na viatu vipya."

Mama yao alikuwa amesimama nyuma, mrefu, mwembamba, macho yake yameanza kuingia ukungu. Tarehe ilipokamilika Bomba alimwagia jiwe maji vumbi lishuke, na mama akapita kidole chake juu ya herufi, moja moja, mpaka akafika kwenye jina la mwanawe. Akapiga vigelegele hapo hapo.

Yakafuata madarasa mawili. Likafuata daraja la waenda kwa miguu. Kila safari Fundi alikwenda na ndoo yake, na kila safari alikuta kitu kimesimama. Katika muhula wa pili ndoo ilishikwa na mtu mwingine, Bomba akiwa anaongea kwa simu pembeni. Katika muhula wa tatu hakuna aliyeishika. Fundi alifikishwa kwa gari, akakuta dereva haizimi injini, akachonga akisikia mngurumo mgongoni. Bomba alikuwa sasa mwenyekiti wa kamati inayopanga miradi ya jimbo. Shingo yake ilinenepa. Salamu zake zikawa fupi, anakuuliza habari za nyumbani akiwa tayari anamtazama mtu wa nyuma yako. Watu waliomzunguka walimvika kilemba cha ukoka asubuhi na jioni, na mtu akivikwa kila siku mwisho anadhani ni kofia yake.

Fundi hakumlaumu. Mama mkwe alikuwa amehamia kwao, na dawa za macho zilitoka kwa Bomba. Waliongea vizuri kila walipokutana. Alimwona tu kama mtu anayemwona mwenzake akipanda ngazi, akizidi kuwa mdogo.

Siku moja, mvua za kwanza zimeanza, Bomba mwenyewe akaingia karakana. Ilikuwa muda mrefu hajafika. Alipangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa.

"Jiwe la kituo cha afya cha ng'ambo ya mto, shemeji. Limekwisha?"

"Limekwisha. Bado tarehe."

"Malizia hapa hapa."

Fundi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha.

"Sitanii. Njia imekatika, gari dogo halipiti. Wageni wanafika Jumamosi, watavushwa na gari kubwa la serikali, na hakuna nafasi ya wewe na ndoo yako. Jengo limekamilika, rangi imekauka. Mimi nimeliona. Mimi si macho yako?"

"Shemeji, unajua nilivyo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu. Nimekuomba mambo mangapi tangu umuoe dada yangu?"

Hakuwa amemwomba lolote. Hilo ndilo lililomshinda Fundi. Angeombwa na mtu mwingine yeyote angekataa kwa upole na kurudi kwenye patasi yake. Lakini mbele yake alikuwa mtu aliyemlea mkewe, na haya ikamwingia, akaona kumkatalia ni kama kumwambia usoni kwamba ni mwongo. Akalilaza jiwe mezani. Akakata tarehe ya Jumamosi siku ya Jumatano, na mkono wake uliteleza kwenye tarakimu ya mwisho ukaacha mkwaruzo mwembamba kama unywele. Bomba hakuuona. Alikuwa ameshasimama.

Jumatatu picha ilitoka gazetini: jiwe kwenye ukuta mweupe, Bomba kando yake, wageni wawili wenye tai. Fundi akaikata picha ile, akaibandika ukutani karibu na rula zake. Moyo ukatulia. Akajiambia, umeona, ulikuwa unajisumbua bure.

Miezi mitatu baadaye mwanamke mmoja alikuja kuagiza jiwe la kaburi la dada yake. Alisema anatoka ng'ambo ya mto. Dada yake alikuwa mjamzito, uchungu ukamshika vibaya, wakambeba kwenye kiti cha mbao kumvusha upande wa mji. Hakufika.

"Poleni sana," Fundi akasema. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, "Kwa nini hamkumpeleka pale kituoni kwenu?"

"Kituoni wapi?"

Fundi akaonyesha picha ukutani. Mwanamke akaisogelea, akatazama sana. "Ule si ukuta wa ghala la saruji la hapa mjini? Hilo bomba la mvua lenye kiraka nalijua, nimefagia pale mwaka mzima. Kwetu hakuna jengo, Fundi. Kuna vigingi vinne na majani."

Fundi hakumaliza chakula siku ile. Sharti la makaburi alikuwa hajalivunja, kwa hiyo jiwe la marehemu lilipokwisha alivuka mto kwenda kukata tarehe. Akapiga magoti, akafanya kazi yake kwa uangalifu kuliko siku zote. Kisha akamwomba yule mwanamke amwonyeshe kiwanja. Akavikuta vigingi vinne, kimoja kimelala. Mbuzi amefungwa kwenye kingine. Akazunguka kiwanja chote akitafuta hata tofali moja. Hakukuwa na msingi, wala shimo la msingi.

Aliporudi alimpigia Bomba simu. "Shemeji, nimefika ng'ambo. Sikuona kitu."

"Umekosea kiwanja. Chetu kiko juu zaidi," Bomba akajibu, haraka mno. "Tutaongea." Simu ikakatika.

Fundi alijua hajakosea kiwanja. Lakini akalishika lile neno kama mtu anayeshika mwamvuli uliotoboka, kwa kuwa ndio alionao. Akaibandua picha ukutani. Mkewe alipouliza kwa nini, alisema imefifia.

Mwaka huo mvua zilikuwa kubwa ajabu. Mto ulifura ukala ukingo wa ng'ambo, vigingi, majani na miti. Na mwaka uliofuata, wakaguzi wa serikali walipokuja kuuliza kituo kiko wapi, jawabu lilikuwa tayari: kituo kilikuwepo, mto umekichukua.

Baraza likaunda tume. Mwenyekiti wake alikuwa jaji mstaafu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu wa ng'ambo waligawanyika. Wengine walisema hakujawahi kuwa na jengo. Wengine, waliokwisha ahidiwa vibarua, walisema lilikuwepo, tena zuri, lenye madirisha ya bluu. Waliosema halikuwepo waliitwa vibaraka wa wapinzani. Bomba akasimama kwenye redio, sauti yake ile ile tamu ya dirisha la ofisi ya maji: "Ndugu zangu, jiwe la kituo lipo, mafuriko yalilitupa ukingoni tukaliokota. Na lilichongwa na nani? Nauliza tu. Kuna mtu katika jimbo hili aliyewahi kumwona Fundi Tarehe akikata tarehe ya kitu asichokiona?"

Redio ilikuwa kwa kinyozi. Mteja mwenye povu kidevuni alisema, "Hapo wamekwisha. Kwa Fundi hawapiti." Kinyozi akagonga ukuta: "Jirani! Umetajwa!"

Upande wa pili wa ukuta patasi ilikuwa imenyamaza, na haikuwa wakati wa kula.

Bomba alikuja nyumbani jioni ya siku mbili kabla ya Fundi kuitwa. Alimsalimia mama yake kwa kupiga goti, akakaa naye kidogo, kisha akamvuta shemeji yake uani, kwenye kamba za nguo.

"Sikuombi udanganye," alianza.

"Ndiyo, shemeji."

"Wakili atakuuliza jiwe ni kazi ya nani. Utasema ni yako. Atakuuliza tarehe ni mkono wa nani. Utasema ni wako. Huo si ukweli?"

"Ni ukweli."

"Basi. Jibu unachoulizwa, ushuke, urudi kazini. Umedanganya wapi hapo?" Alishika shati lililoanikwa, akaliachia. "Unafikiri ilikuwa nia yangu? Fedha zilitoka kidogo kidogo, huyu anataka chake, yule anataka chake, usipowapa faili halitembei. Nikasema nitakijenga mwaka unaofuata. Wallahi nilisema hivyo. Mwaka unaofuata na wenyewe ukaja na watu wake."

Fundi alitaka kumwambia habari za yule mwanamke na kiti cha mbao. Akasema tu, "Nitajibu, shemeji."

Bomba akamkumbatia kwa nguvu. Alinukia manukato, na chini ya manukato, jasho la mtu aliyekosa usingizi.

Ndani, mkewe alikuwa anakunja nguo alizokwisha kuzikunja. Alijua. Mke wa mtu asiyesema sana hujifunza kusoma mabega.

"Kilikuwepo au hakikuwepo?" aliuliza.

"Hakikuwepo."

Akakaa kitandani. "Yeye ndiye aliyenivalisha viatu siku ya kwanza shule. Alifunga kamba, nikazifungua njiani, akarudi kuzifunga tena." Aliiweka nguo pembeni. "Sikuambii useme nini, Fundi. Ila ukishasema, uje uniambie wewe mwenyewe. Nisiyasikie kwa kinyozi."

Ukumbi wa tume ulikuwa bwalo la zamani lenye viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa ikilia. Jiwe lenyewe lilikuwa juu ya meza, limewekwa kwenye gunia. Fundi alilitambua kwa mkwaruzo wake kabla hajasoma herufi. Alivaa koti la harusi yake, ambalo halikufungika tena. Bomba alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini.

Wakili wa Bomba alikuwa kijana mrefu mwenye tabasamu la meno yote.

"Fundi, jiwe hili ni kazi yako?"

"Ndiyo."

"Na tarehe hii?"

"Ni mkono wangu."

"Mtaani wanakuitaje?"

Watu wakaanza kucheka kabla hajajibu. "Fundi Tarehe."

"Hebu tuambie, kwa nini?"

Hakuwa ametarajia swali hilo. Akatazama mikono yake, akaanza, kwa sauti iliyomlazimu jaji kuinama mbele. Akasimulia habari za mzee fundi viatu, daktari, Ijumaa iliyopita, chai ya Jumamosi. Alipofika kwenye "umenifupisha" ukumbi mzima uliangua kicheko, hata askari wa mlangoni, hata Bomba. Akasimulia sharti lake: pembe ya wazi, ndoo, magoti, jinsi anavyogonga ukuta kwa kidole.

"Ahsante," wakili akasema, akigeukia watu kama mtu aliyepiga bao. "Sina swali jingine."

"Unaweza kushuka, Fundi," jaji akasema.

Fundi hakushuka. Aliushika ukingo wa meza. Feni ililia mizunguko kadhaa.

"Fundi?"

"Hadithi haijaisha," akasema.

Wakili akainuka. Jaji akamkalisha kwa mkono, bila kumtazama. "Imalizie."

"Mawe yote ndivyo nilivyoyachonga," Fundi akasema. "Hili sikulichonga hivyo. Tarehe hii niliikata mezani kwangu, siku ya Jumatano, na hiyo iliyoandikwa ni ya Jumamosi. Sikuvuka mto. Nilivuka baadaye, kabla ya mafuriko, nikakuta vigingi vinne na mbuzi. Nilitafuta hata tofali." Akaweka kidole kwenye mkwaruzo. "Niliyevunja sharti ni mimi, hakuna aliyenishika mkono. Mkiamini kituo kilikuwepo kwa sababu ya jina langu, basi hilo jina lisiwasaidie. Kwa jiwe hili halina kazi."

Hakuna aliyecheka. Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Kumbe na yeye!" na ukumbi ukaanza kuvuma. Fundi alimtazama Bomba mara moja tu. Alitarajia hasira, akajiandaa kuipokea. Lakini uso wa Bomba ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyebeba mzigo umbali mrefu akaambiwa autue, asijue afanye nini na mikono yake.

Alikwenda nyumbani moja kwa moja. Hata hivyo kinyozi alikuwa amemtangulia. Redio haina miguu lakini inafika. Mkewe alikuwa jikoni, ameupa mlango mgongo.

"Nimesema," Fundi akamwambia.

"Nimesikia."

"Uliniambia nikuambie mwenyewe."

"Haya, umeniambia." Usiku ule alihamishia mto wake chumba cha mama, na ukakaa huko majuma sita.

Mama mkwe ndiye aliyezungumza naye kwanza. Alikuwa hamwoni tena mtu ila kivuli chake. "Wewe huwa huongopi," akasema. "Mwanangu alijenga au hakujenga?"

"Hakujenga, mama."

Vidole vyake vikapapasa upindo wa shuka kama vinasoma. "Nami nilimpigia vigelegele alipokuwa kwenye redio," akasema mwishowe. "Peke yangu chumbani."

Bomba alivuliwa ujumbe, kisha akafikishwa mahakamani pamoja na wengine wawili, akafungwa miaka mitatu. Wale waliomvika kilemba walivuka barabara wakiiona familia yake. Kwa Fundi, kazi ilipungua lakini haikufa. Wateja walikuja na maneno. "Hili letu utaliona kweli, au tukuletee picha?" Alijibu, "Nitakuja mwenyewe," akatazama chini kama zamani. Wengine waliacha kumwita Fundi Tarehe, wakamwita Fundi tu. Aliliona hilo, akalikubali. Mto wa mkewe ulirudi chumbani bila maelezo, siku ya kawaida tu, pamoja na nguo zilizotoka kwenye kamba.

Mwaka wa pili wa kifungo, mama akafariki. Walimwombea Bomba ruhusa ya kuhudhuria mazishi, jibu likaja mama amekwisha zikwa. Fundi akachonga jiwe, jina na maneno mawili. Lilipokuwa tayari alimuuliza mkewe lini wakalisimike wakate na tarehe.

"Lisimike," mkewe akasema. "Tarehe isubiri. Mtoto mkubwa hakuwepo."

Basi jiwe likasimama makaburini na pembe yake wazi. Wapita njia walidhani Fundi amezeeka, amesahau.

Bomba alitoka asubuhi moja bila mtu kutangaza. Alifika karakana kwa miguu. Shingo ilikuwa imerudi kuwa ya karani. Akasimama mlangoni, na kinyozi, aliyekuwa na mkasi kichwani kwa mtu, akausimamisha hewani asipitwe na neno.

"Hujambo, shemeji," Bomba akasema.

"Sijambo. Karibu."

Hakukaa. Alitazama huku na huku, akaiona ndoo chini ya meza. "Dada kaniambia mnanisubiri."

"Tunakusubiri."

"Maji unachota wapi siku hizi?"

"Pale pale sokoni."

Bomba akaichukua ndoo, wakaenda. Kisima cha mabomba manane kilikuwa na watu wengi kama kawaida, na ukutani juu ya vichwa vyao lilikuwepo lile jiwe la kwanza, rangi nyeusi imefifia ndani ya herufi, jina bado linasomeka. Bomba akasogea moja kwa moja kwenye bomba la karibu.

"Baba, foleni inaanzia huku!" mwanamke mwenye madumu mawili akamwambia, bila hata kumtazama usoni.

"Samahani, mama," Bomba akasema. Akazunguka, akasimama mwisho wa mstari, na Fundi akasimama naye. Ilichukua muda wao kufika.

Makaburini hapakuwa na mtu. Fundi alikunja gunia, akapiga magoti. Aliupangusa ule upana wa kiganja, akachora mistari miwili ya penseli, akainua patasi ndogo, kisha akaishusha. Bomba alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo.

"Ilikuwa tarehe ngapi?" Bomba akauliza. "Niliandikiwa, lakini barua ilisombwa na maji ya sakafuni. Sikuwa na wa kumuuliza."

Fundi akamtajia, siku, mwezi na saa.

"Uliona?"

"Nilimshusha mimi mwenyewe. Upande wa kichwani."

Bomba akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Basi kata, shemeji."

Patasi ikaanza kugonga. Kila tarakimu ilipokamilika Bomba aliinama akamimina maji kidogo, vumbi jeupe likateremka juu ya herufi za jina la mama yake. Ya mwisho ilipokwisha Fundi alijisogeza pembeni. Bomba akatua ndoo, akapiga magoti kwenye lile gunia, akapita kidole chake juu ya tarehe, namba moja moja, taratibu, na alipofika mwisho akarudi mwanzo.